Mats Wilander na Stefan Edberg: yupi mwanafunzi wa tenisi amfuate kwanza

Kila likizo inapokaribia, wazazi wa watoto ninaowafundisha tenisi huniuliza swali lilelile: mtoto atakapokuwa nyumbani akitazama mechi za zamani kwenye simu, amtazame nani? Wengi wao wanajua kwamba Uswidi, nchi yenye watu wachache na majira marefu ya baridi, ilitoa wachezaji wengi bora katika miaka ya 1970 na 1980, na jina wanalolitaja kwanza ni Björn Borg. Mimi huwaomba waliweke jina hilo kando kwa muda, kisha huwapa majina mawili ya kuchagua, Mats Wilander na Stefan Edberg. Hapa nitaeleza kila mmoja ana nini cha kumfundisha kijana, upungufu wake uko wapi, na ni mtoto wa aina gani anayefaa kumfuata yupi, kwa sababu kuwafuata wote wawili kwa pamoja humvuruga mwanafunzi ambaye bado anautafuta mchezo wake.

Borg namweka kando kwa heshima zote. Alishinda Michuano ya Wazi ya Ufaransa mara sita na Wimbledon mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980, na ndiye aliyewafanya watoto wa Uswidi watamani raketi. Lakini nguvu yake ilitokana na mwili wa ajabu na utulivu ambao sijapata kuona mtoto akifundishwa ukamwingia. Tena alitangaza kustaafu Januari 1983 akiwa na umri wa miaka 26 tu, kwa hiyo hatukupata kumwona akipambana na ule wakati ambapo mchezaji huanza kushindwa na wale aliowazoea kuwashinda, na huo ndio wakati wenye mafunzo mengi kuliko yote. Alipojaribu kurudi mwaka 1991 huko Monte Carlo akiwa bado na raketi ya mbao, wenzake walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye raketi nyepesi za kisasa, naye akatolewa katika mechi ya kwanza.

Kwenye karatasi, Wilander na Edberg wanakaribiana mno. Wilander alizaliwa Agosti 1964 mjini Växjö, Edberg Januari 1966 mjini Västervik, na miji yote miwili imo katika jimbo moja la kihistoria, Småland, kusini mwa Uswidi. Wote wawili waliwahi kuwa namba moja duniani, wote waliacha kucheza mwaka 1996, na kila mmoja alifika fainali 11 za mashindano makubwa manne (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) katika mchezo wa mmoja mmoja. Wilander alishinda 7 kati ya hizo, Edberg 6. Wilander alimaliza na mataji 33 kwa jumla, Edberg na 41. Mtu akisoma takwimu hizi peke yake anaweza kudhani kwamba ni mchezaji mmoja mwenye majina mawili. Akiwaona uwanjani, hata kwa dakika tano, atajua kwamba hawakuwahi kucheza mchezo mmoja.

Tuanze na Edberg, kwa sababu mchezo wake ni rahisi zaidi kuueleza. Alianzisha mpira, akaufuata mbele hadi wavuni, akaumaliza kwa voli kabla haujagusa chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka kumi, juu ya nyasi, juu ya saruji na hata juu ya udongo. Sevu yake, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, haikuwa ya kasi ya kutisha. Alirusha mpira juu ya kichwa, akaupinda mgongo kama upinde, kisha akaufagia mpira kutoka chini kwenda juu ukaondoka na mzunguko mkali. Mpira wa namna hiyo husafiri polepole kidogo, lakini ukidunda huruka hadi usawa wa bega na kukimbilia upande wa mpigo wa nyuma, yaani upande wa kushoto, wa mpinzani anayetumia mkono wa kulia. Ule upole wa sevu ndio uliokuwa siri yake. Mpira ulipokuwa bado hewani, Edberg alikuwa amekwisha kupiga hatua tatu au nne, na mpinzani alipokuwa akihangaika na mpira ulioruka juu, Edberg alikuwa amesimama karibu na wavu, magoti yamekunjwa, raketi iko mbele ya kifua.

Huwa nawaambia wanafunzi waitazame miguu yake kwanza, mikono baadaye. Kabla mpinzani hajaugusa mpira, Edberg husimama kwa miguu miwili kwa nukta moja, halafu ndipo huenda kushoto au kulia. Mtoto anayekimbilia wavuni bila kusimama hivyo hupitwa na mpira hata kama ana mbio za swala. Tazama pia kwamba voli yake ya kwanza mara nyingi haikukusudiwa kumaliza pointi. Aliuweka mpira chini na mbali, akasogea hatua mbili zaidi, na voli ya pili ndiyo iliyomaliza.

Upungufu wake ulikuwa mpigo wa mbele. Aliishika raketi kwa namna ya kizamani, karibu na mtu anavyoshika nyundo, na mshiko huo unafaa sana kwa voli na sevu lakini humnyima mchezaji mzunguko anapopiga kutoka nyuma ya uwanja. Mpigo wake wa nyuma wa mkono mmoja, kinyume chake, ulikuwa miongoni mwa mipigo mizuri kuliko yote iliyopata kuonekana. Na hapa kuna jambo ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Edberg alipokuwa mdogo alipiga mpigo huo kwa mikono miwili, kama watoto wengi wa Uswidi waliomwiga Borg. Kocha Percy Rosberg ndiye aliyemshauri aondoe mkono mmoja. Rosberg huyohuyo alikuwa amemfundisha Borg utotoni, na kwa Borg aliuacha mkono wa pili ulipo. Kocha mmoja, watoto wawili, maamuzi mawili yanayopingana, na yote mawili yakazaa bingwa wa Wimbledon. Sijui kisa kingine katika tenisi kinachoonyesha wazi hivi kwamba mwalimu anapaswa kumtazama mtoto aliye mbele yake kabla ya kutazama kitabu.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1983 Edberg alishinda mataji yote manne makubwa ya vijana ndani ya mwaka mmoja. Desemba 1985, akiwa na miaka 19, alishinda Michuano ya Wazi ya Australia juu ya nyasi za Kooyong, Melbourne, kwa kumfunga Wilander mwenyewe katika fainali, 6–4, 6–3, 6–3. Alirudia ushindi huo Januari 1987 dhidi ya Pat Cash, akashinda Wimbledon mwaka 1988 na 1990, mara zote mbili dhidi ya Boris Becker, kisha Michuano ya Wazi ya Marekani mwaka 1991 na 1992.

Wilander alianza tofauti kabisa. Juni 1982 alifika Paris akiwa na miaka 17, bila kuwekwa hata katika orodha ya wachezaji waliotarajiwa kufika mbali, na akawaondoa mmoja baada ya mwingine watu waliokuwa na majina makubwa: Ivan Lendl, Vitas Gerulaitis, José Luis Clerc, na katika fainali Guillermo Vilas wa Argentina, ambaye alimfunga 1–6, 7–6, 6–0, 6–4. Silaha yake wakati ule ilikuwa moja: hakukosea. Aliupitisha mpira juu sana ya wavu, ukaenda kudunda karibu na mstari wa nyuma, akaurudisha tena, na tena, mpaka mpinzani akachoka au akakata tamaa. Mpigo wake wa nyuma ulikuwa wa mikono miwili na ulikuwa imara kama ukuta. Mechi zake za wakati ule zinamchosha mtazamaji, nakubali. Hata mimi huzirukaruka. Lakini mtoto wa miaka kumi anayejifunza kuuweka mpira ndani ya uwanja mara ishirini mfululizo hana mfano bora zaidi wa kuuona.

Kama Wilander angebaki hapo, nisingempendekeza kwa mtu yeyote aliyepita umri wa miaka kumi na tatu. Hakubaki. Miezi kumi na minane baada ya ushindi wa Paris alishinda Australia, juu ya nyasi, uwanja ambao watu walisema haumfai, na mwaka 1984 akashinda tena huko. Mwaka 1985 alilichukua taji la Ufaransa mara ya pili. Halafu akakwama. Mwaka 1987 alifika fainali za Paris na New York, na zote mbili Lendl alimfunga. Ile ya New York ilikuwa ndefu na ngumu, nayo ilimwonyesha waziwazi kwamba kurudisha mpira tu hakutamtosha mbele ya mtu anayerudisha mpira vilevile lakini kwa nguvu zaidi.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimweke mbele ya wanafunzi. Mtu aliyekwisha kushinda mataji manne makubwa kwa mpigo wa nyuma wa mikono miwili alijifunza mpigo wa pili, wa mkono mmoja, wa kuukata mpira kutoka juu kwenda chini ili udunde chini na kuteleza. Akajifunza pia kwenda wavuni, jambo ambalo kijana wa 1982 asingelifikiria. Hakuutupa mchezo wake wa zamani. Aliuacha ukae pale kama msingi wa nyumba, akajenga juu yake.

Mwaka 1988 nyumba hiyo ilionekana. Januari alishinda Australia kwenye viwanja vipya vya Flinders Park, vyenye sakafu ngumu, kwa kumtoa Edberg katika nusu fainali ya seti tano na Pat Cash katika fainali iliyoishia 8–6 katika seti ya tano. Juni alimfunga Henri Leconte mbele ya Wafaransa wenzake kwa 7–5, 6–2, 6–1, na katika fainali hiyo alikosa sevu ya kwanza mara mbili tu. Mwalimu yeyote anayewasihi watoto waanze pointi kwa sevu ya kwanza iliyo ndani, hata kama ni ya kasi ndogo, awaonyeshe mechi hiyo.

Halafu ikaja New York, Septemba. Lendl alikuwa amelishikilia taji la Marekani kwa miaka mitatu mfululizo na alikuwa namba moja duniani kwa muda wote huo. Fainali ilichukua saa 4 na dakika 54: 6–4, 4–6, 6–3, 5–7, 6–4. Ukiwa na nafasi ya kumwonyesha mwanafunzi mechi moja tu kutoka kipindi chote hiki, mwonyeshe hii, na umwambie ahesabu ni mara ngapi Wilander anabadili anachokifanya. Mara anaukata mpira chini kwenye mpigo wa nyuma wa Lendl, mara anaupandisha juu na kupunguza mwendo, mara anakimbilia wavuni ghafla nyuma ya mpira ambao haukuonekana kuwa wa hatari. Lendl, aliyependa mpira wa kasi moja ili aupige kwa nguvu zake zote, hakupewa mipira miwili inayofanana mfululizo. Asubuhi iliyofuata Wilander ndiye aliyekuwa namba moja. Mwaka huo Waswidi walishinda mataji yote manne makubwa, matatu ya Wilander na lile la Wimbledon la Edberg.

Kwa hiyo hadi hapa mizani inaelekea kwa Wilander. Lakini mzazi asifanye haraka, kwani kuna upande wa pili ambao haupendezi kuueleza. Baada ya siku ile ya Septemba 1988, Wilander hakufika tena fainali yoyote ya mashindano makubwa. Alikaa kileleni kwa wiki 20. Januari 1989, akiwa bingwa mtetezi wa Australia, alitolewa katika raundi ya pili na Ramesh Krishnan wa India. Mwaka uliofuata alifika nusu fainali hukohuko akakutana na Edberg, naye akafungwa 6–1, 6–1, 6–2. Alikuwa na miaka 25. Yaani mtu aliyepanda mlima kwa subira na akili kuliko wenzake wote alipofika juu alionekana hana tena sababu ya kupanda. Nawaambia wazazi jambo hili bila kulipamba, kwa sababu mchezo wa Wilander hudai mengi kwa kila pointi, na mtoto akifundishwa kwamba ushindi wote unatokana na kuvumilia, ipo siku uvumilivu nao huisha.

Edberg kwa upande huu anamshinda kwa mbali. Kuanzia Wimbledon ya 1983 hadi Michuano ya Wazi ya Marekani ya 1996 hakukosa hata shindano moja kubwa, yaani mashindano 54 mfululizo, na hilo ni kwa mtu aliyekuwa akiupinda mgongo wake kila alipoanzisha mpira. Alikuwa namba moja kwa wiki 72. Na wale wanaodhani kwamba mchezaji mpole wa wavuni hana moyo wa kupigana hawakuuona mwaka 1992. Katika New York, alipokuwa akilitetea taji lake, alicheza mechi tatu mfululizo za seti tano, dhidi ya Richard Krajicek, Lendl na Michael Chang, na katika kila seti ya tano alikuwa nyuma, sevu yake imekwisha kuvunjwa, yaani amepoteza gemu ambayo yeye ndiye aliyekuwa akianzisha mpira. Alizishinda zote. Ile ya Chang peke yake ilichukua saa 5 na dakika 26. Kisha akamfunga Pete Sampras katika fainali. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika fainali dhidi ya Jim Courier, alikuwa amepoteza gemu sita tu katika mechi nzima. Ukiziweka fainali hizo mbili pamoja unaona mtu yuleyule akifanya jambo lilelile, siku moja likiwa rahisi kama kunywa maji, siku nyingine likiwa gumu hadi usiku.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti yao ya kweli. Edberg alichagua mchezo mmoja akiwa kijana akaukamilisha, na alipokwama aliufanya uleule kwa ubora zaidi. Wilander kila alipokwama aliongeza kitu ambacho hakuwa nacho.

Kila mmoja ana uwanja uliomkatalia, na pengo hilo nalo linaeleza mengi. Wilander alishinda mataji makubwa juu ya nyasi, udongo na sakafu ngumu, jambo ambalo wachache sana wameliweza, lakini Wimbledon kwa mchezo wa mmoja mmoja hakuvuka robo fainali. Edberg alikosa Ufaransa. Mwaka 1989 alifika fainali Paris dhidi ya Chang, kijana wa miaka 17, akaongoza kwa seti mbili kwa moja, akapata nafasi nyingi za kuivunja sevu ya Chang katika seti ya nne, zikampita, na mechi ikaponyoka: 6–1, 3–6, 4–6, 6–4, 6–2. Ninaipenda mechi hiyo kama somo kwa sababu Edberg hakuibadili njia yake hata udongo ulipomwambia abadili. Alikaribia kushinda hivyohivyo, na ndiyo maana inauma.

Kuhusu mchezo wa wawili wawili sina haja ya kukaa sana. Wilander alishinda Wimbledon mwaka 1986 akiwa na Joakim Nyström, na hilo ni jambo kubwa, lakini Edberg alishinda mataji makubwa matatu ya aina hiyo, mawili na Anders Järryd mwaka 1987 na moja na Petr Korda mwaka 1996, na aliwahi kuwa namba moja duniani katika mchezo huo pia. Mwaka 1984, katika fainali ya Kombe la Davis, shindano la timu za mataifa, mjini Göteborg, Edberg mwenye miaka 18 pamoja na Järryd waliwafunga John McEnroe na Peter Fleming, jozi ambayo haikuwa imewahi kushindwa katika Kombe la Davis, huku Wilander akimfunga Jimmy Connors. Mtoto anayecheza zaidi wawili wawili, kama wanavyocheza wengi mashuleni kwa sababu viwanja ni vichache, amfuate Edberg bila kusita.

Kuna wazazi ambao huuliza kwanza habari ya tabia, nami nawaheshimu kwa hilo. Hapa hakuna wa kukataliwa. Edberg alipewa na wachezaji wenzake tuzo ya uungwana mara tano, na mwaka 1996 tuzo yenyewe ikapewa jina lake. Kisa cha Wilander ni kimoja, lakini nikikisimulia watoto hunyamaza kimya. Ilikuwa nusu fainali ya Paris mwaka 1982, dhidi ya Clerc. Wilander alikuwa na pointi ya mechi. Clerc alipiga mpira ukaangukia karibu na mstari, ukaitwa kuwa umetoka, na mechi ikawa imekwisha. Kijana wa miaka 17 alikuwa ameingia fainali yake ya kwanza ya shindano kubwa, na alichotakiwa kufanya ni kwenda wavuni kumpa mwenzake mkono. Badala yake alikwenda kwa mwamuzi akasema mpira ule ulikuwa ndani na kwamba hataki kushinda namna hiyo. Pointi ikarudiwa. Akaishinda.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na tatu, awe na mwili wa aina yoyote, namwelekeza kwa Wilander, na hasa kwa Wilander wa 1988. Sababu ya kwanza ni kwamba mchezo wake umejengwa juu ya mambo ambayo kila mtoto anaweza kuyapata kwa mazoezi: mpira unaopita juu ya wavu kwa nafasi ya kutosha, sevu ya kwanza iliyo ndani, miguu isiyochoka, na akili ya kumsoma mpinzani. Sababu ya pili ni viwanja vyenyewe. Viwanja vingi vinavyopatikana huku kwetu ni vya udongo au vya saruji, na nyasi ambazo zilimbeba Edberg ni nadra. Sababu ya tatu ni raketi na nyuzi za siku hizi, ambazo humwezesha hata kijana wa kawaida kuurudisha mpira kwa mzunguko mkali unaozama miguuni mwa anayekimbilia wavuni. Mtu anayetaka kucheza leo kama Edberg alivyocheza 1990, kila sevu hadi wavuni, atapitwa mara nyingi hadi avunjike moyo.

Hata hivyo kuna mtoto ambaye nitamwelekeza kwa Edberg hata kama ana miaka kumi na mbili. Ni yule ambaye mikono yake ni myepesi, anayedaka kitu kinachoanguka kabla hujakiona, anayechoka haraka na mchezo wa kurudishiana mpira kutoka nyuma, na ambaye ukimwacha huru husogea mbele mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo ukimfunga kwenye mstari wa nyuma unamuua. Nilimfundisha mmoja wa hivyo kwa miezi sita nikimlazimisha abaki nyuma, na kila alipopoteza pointi alitazama wavu kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Nilipomwonyesha fainali ya Edberg na Courier, hakuniuliza chochote. Siku iliyofuata alikuja uwanjani mapema akaanza peke yake kujifunza ule usimamaji wa miguu miwili. Kosa la ile miezi sita lilikuwa langu.

Mchezaji anayeishi mahali pa juu, Nairobi au Arusha kwa mfano, naye ana sababu ya ziada ya kuitazama sevu ya Edberg, kwani hewa ni nyepesi, na sevu ya mzunguko iliyopigwa vizuri huruka juu zaidi inapodunda kuliko pwani, ambako hewa yenye unyevu huufanya mpira kuwa mzito na mechi kuwa ndefu. Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, akicheza mchana wa Februari, atamhitaji Wilander kwa kila namna.

Vijana wa miaka kumi na tano na kuendelea, waliokwisha kuwa na mchezo wao, ndio pekee ninaowaruhusu kuchukua kutoka kwa wote wawili. Kwao vipande vya Edberg vina thamani kubwa hata kama mchezo wake mzima hauigiki tena. Ushahidi ni kwamba Roger Federer, baada ya mataji 17 makubwa, alimwajiri Edberg awe kocha wake mwaka 2014 na 2015, na katika miaka hiyo alionekana akienda wavuni mara nyingi zaidi.

Mzazi anayetaka kuanza wiki hii aanze na fainali ya Wilander na Lendl ya 1988, seti ya kwanza na ya tano, kisha amwonyeshe mtoto fainali ya Edberg na Courier ya 1991, ambayo ni fupi, inaweza kutazamwa yote kwa kikao kimoja. Asimwambie kitu kabla. Siku inayofuata ampeleke uwanjani na kumwacha acheze dakika kumi bila maelekezo, akiangalia kama mtoto anarudi nyuma ya mstari au anasogea mbele.